Bidada wa Mafuta ya Kukuza Nywele, Hebu Vua Wigi Kwanza

Tunduma ina bidada wake wa mtandaoni, jina likae pembeni, maana wanaomjua wameshamjua. Kila baada ya siku mbili klipu mpya: wigi refu mpaka kiunoni, kachupa mkononi, na maneno yaleyale, eti matone matatu kila usiku na nywele zinagusa mabega ndani ya mwezi mmoja. Kachupa kanauzwa kwa shilingi au kwa kwacha, mteja achague. Hakana orodha ya vilivyomo, na alama ya TBS usiitafute, wakati usajili wa vipodozi uko chini ya shirika hilo tangu 2019. Wateja wake ni akina nani? Ni wadada wanaovuka Nakonde kila siku na mizigo. Ni mabinti wa Mlowo na Vwawa waliomaliza fomu foo juzi, wamenyolewa miaka yote ya shule na sasa wana haraka ya kuwa na nywele.

Hiyo haraka ndo bidada anayoila.

Sehemu hai ya unywele iko chini ya ngozi, kwenye mzizi, ndiko inakolishwa na damu. Kinachoonekana juu ni protini iliyokufa, keratini, ileile ya kucha. Kuna mtu anapaka kucha mafuta akategemea zirefuke? Nywele zinakua wastani wa sentimita moja hivi kwa mwezi, na zetu mara nyingi pungufu kidogo. Kwa hiyo za mabegani ndani ya mwezi ni za kupachika, hakuna namna nyingine. Mafuta yana kazi yake, yanalainisha na kuzuia unyevu usitoke upesi, ila kazi hiyo hata mafuta ya nazi ya dukani yanaifanya, tena bila mbwembwe.

Halafu kuna ile kauli ya saluni, "wewe nywele zako mbaya, hazikui." Zinakua sana. Tatizo zinakatika huku mwisho kwa kasi ileile zinayoota huku mwanzo, mtu anaona zimesimama palepale mwaka mzima. Unywele una ganda la nje lililopangana kama vigae vya paa, na ndani yake nyuzi zilizofungwa pamoja na vifungo vya salfa. Nywele za kipilipili ni bapa kidogo na zimejikunja, na kila kona ya mkunjo ni mahali pepesi kukatika. Mafuta ya asili ya kichwani nayo yanapata tabu kushuka kwenye mikunjo hiyo, ndo maana ncha zinakauka. Chana kavukavu asubuhi, toka kwenye upepo na vumbi la malori, rudia kesho. Hapo ubaya wa nywele uko wapi?

Sasa aje msusi maarufu wa mjini, naye jina likae pembeni, na kopo lake la dawa. Dawa nyingi za kulainisha zina sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda, ileile wanayotumia kina mama kupikia sabuni. Ngozi ya kichwa ina pH ya kama 5. Dawa hizo zinaenda 12 mpaka 14, na kila namba moja juu ni mara kumi. Zile zinazosifiwa kwamba hazina kostiki nyingi zinatumia chokaa na kemikali nyingine, na zinaacha madini kwenye nywele mpaka zinakakamaa. Zote zinavunja vile vifungo vya salfa, na havirudi tena. Anayetaka kuweka aweke, ni kichwa chake, lakini dawa ipakwe kwenye nywele mpya tu zilizoota, isikae zaidi ya muda ulioandikwa kwenye kopo, na ioshwe kwa shampuu yake maalumu. Huyu fundi anapaka kuanzia mzizi mpaka ncha kila safari, mteja akilalamika anaungua anaambiwa avumilie, "ndo inakolea." Haikolei chochote. Ni ngozi inaungua.

Akitoka hapo anapigwa pasi nywele hazijakauka vizuri. Maji yaliyomo ndani ya unywele yanachemka na kuupasua.

Na rasta? Mtu anasukwa, usiku analala na Panado, asubuhi anaposti picha. Kichwa kuuma maana yake mizizi inavutwa. Ikivutwa miezi na miaka, nywele za mbele na za juu ya masikio zinaondoka, na mzizi ukishageuka kovu hakuna mafuta ya kuurudisha. Wanaofanyiwa hivyo sasa ni watoto wa miaka minne, mama anashangilia kwamba mtoto kapendeza.

Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walitoa matokeo ya wanawake 33,497 waliofuatiliwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Utafiti huo haujasema dawa ndiyo chanzo moja kwa moja. Ila unatosha kumfanya mtu asome kopo kabla ya kupakwa.

Wanaomtetea bidada wana jibu moja: wivu, mwacheni atafute riziki. Riziki gani inayomla binti aliyeuza kahawa ya nyumbani kwao Mbozi akanunua kachupa kasichojulikana kina nini? Anayeuliza chini ya posti anapigwa bloku. Basi apige klipu moja tu, mchana, karibu na dirisha, bila wigi, aoneshe nywele zake za mbele. Na asome kwa sauti kilichomo ndani ya kachupa.