Kilichopotea Kina Mwenyewe

Zipo dhuluma zinazopigiwa kelele, na zipo nyingine zinazopita kimya kwa sababu haonekani mtu aliyezitenda. Dhuluma inayowapata waliopotewa na mali yao katika jiji la Nairobi ni ya aina hii ya pili. Mtu akinyang'anywa mkoba barabarani, kila mmoja hukiri kwamba ameonewa. Akiusahau ndani ya matatu, husemwa kwamba ni uzembe wake, na shauri huishia hapo. Sisi twaona kwamba halipaswi kuishia hapo. Kupotewa si kosa, wala kitu hakiachi kuwa cha mtu kwa sababu tu kimemponyoka mkononi.

Fundisho hili si geni kwa waamini. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, chamwagiza mtu anayemwona ng'ombe wa ndugu yake amepotea asijifanye hakuona, bali amrudishe; na kama mwenyewe yu mbali au hajulikani, amtunze nyumbani kwake hadi atakapokuja kumtafuta. Agizo hilo hilo lahusu punda, vazi na kila kitu kilichopotea. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, chaenda mbele zaidi: hata ng'ombe wa adui sharti arudishwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika kuieleza amri ya saba, yaweka kushikilia kwa makusudi kitu kilichopotea katika fungu moja na udanganyifu wa biashara na ujira usio wa haki. Sheria ya jinai ya Kenya nayo haiko mbali na hayo: anayeokota kitu na kukifanya chake aweza kuhesabiwa mwizi, isipokuwa kama hamjui mwenyewe na ana sababu za kuamini kwamba hawezi kupatikana.

Tuangalie vizuri uzito wa agizo hilo. Torati haikomei kwenye kukataza kuchukua; yaagiza kutunza na kurudisha. Kijijini jambo hili lawezekana bila ofisi, kwa kuwa ng'ombe hujulikana na mwenye ng'ombe hujulikana. Jijini aliyeokota na aliyepotewa hawajuani, na huenda wasikutane kamwe. Kazi iliyofanywa na ujirani haina budi kufanywa na taratibu za mji. Taratibu hizo zikiwa ndefu, za gharama na za kutisha, basi mji wenyewe unakuwa mshiriki katika kumnyima mtu haki yake.

Tuanze na kitambulisho. Asiye nacho hawezi kufungua akaunti ya benki, hupata taabu kuajiriwa, na hana amani akisimamishwa na askari usiku. Kitambulisho hakina thamani sokoni, lakini kwa mwenyewe ni ufunguo wa riziki. Ili apate kingine atahitaji kwanza cheti cha polisi cha kuthibitisha upotevu, ambacho watu hukiita abstrakti, kisha arudi kwenye ofisi ya usajili, alipe ada na asubiri. Mwaka 2024 ada hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 1,000. Kwa kibarua, fedha hizo pamoja na siku za kazi zilizopotea si jambo dogo. Wakati huo huo, kitambulisho chake cha kwanza huenda kimebandikwa kwenye kioo cha kibanda fulani, au kimo mikononi mwa mtu anayedai kitu kidogo kwanza ndipo akitoe. Twasema waziwazi kwamba kumtoza mtu kwa kumrudishia kilicho chake ni kumuuzia mali yake mwenyewe. Shukrani ni zawadi, haidaiwi.

Mfano wa pili ni wa pikipiki. Katika nyua za vituo vingi vya polisi twaziona zimelala juani na mvuani, zikiota kutu: nyingine ziliibwa zikapatikana, nyingine zilikamatwa kwa makosa ya barabarani. Baada ya muda, orodha ya vyombo visivyodaiwa huchapishwa, na visipokombolewa hupigwa mnada. Kadhalika mwenye gereji, chini ya sheria ya kuuza bidhaa zisizochukuliwa, hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba gari likikaa siku 30 bila kuchukuliwa litauzwa. Hatusemi kwamba kituo cha polisi au gereji igeuzwe ghala la milele. Mwenye gereji naye ana haki ya kulipwa jasho lake. Lakini ni nani kati ya vijana wa boda boda asomaye Gazeti Rasmi? Tangazo lililoandikwa kwa Kiingereza, mahali ambapo mhusika hapiti, hutimiza sharti la sheria bila kumfikia mwenye haki. Huko ni kutangaza kwa namna ya kunyamaza.

Mfano wa tatu wawagusa wajane na yatima. Sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya kusimamia mali ya kifedha isiyodaiwa. Kwa sheria hiyo, akaunti ya benki isiyoguswa na mwenyewe kwa miaka 5 huhesabiwa kuwa imeachwa, na fedha zake hupelekwa kwenye mamlaka hiyo, ambayo huzitunza hadi mwenyewe au warithi wake wazidai. Wazo lenyewe ni jema, na linapatana na agizo la Torati la kutunza. Mtu aweza hata kuuliza kwa simu, kwa kubonyeza *361#. Hata hivyo, mume aliyefariki bila kumwambia mkewe alikoweka akiba ameacha fedha ambazo mjane hajui hata kuziulizia. Na akizijua, hutakiwa kuleta hati za mirathi, ambazo kuzipata mahakamani kwataka muda, nauli na pengine wakili. Mara nyingi gharama hizo huikaribia akiba yenyewe, naye hukata tamaa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila habari haimfikii mjane.

Wapo watakaosema kwamba kisa cha haya yote ni watu wa mjini kukosa uaminifu, na kwamba hakuna sheria iwezayo kuwaponya. Hatukubali. Jiji la Tokyo nchini Japani ni kubwa kuliko Nairobi, na wakazi wake hawajuani. Lakini huko kuna vituo vidogo vya polisi karibu katika kila mtaa, na kukabidhi kitu kilichookotwa ni jambo la dakika chache. Sheria yao, iliyorekebishwa mwaka 2006, huagiza kitu kitunzwe kwa miezi 3. Humpa mwokotaji haki ya kifuta jasho cha asilimia 5 hadi 20 ya thamani yake. Na mwenyewe asipotokea, kwa kawaida kitu humwendea mwokotaji, isipokuwa vitu kama vitambulisho na simu, vyenye siri za mtu. Hatudai kwamba watu wa Tokyo ni watakatifu kuliko sisi. Twasema kwamba uaminifu huhitaji njia ya kupitia. Kwetu sisi, mtu mwema aliyeokota simu husita kuipeleka kituoni, akihofia kwamba ataulizwa aliipataje na kugeuzwa mshukiwa. Hofu hiyo huwafunga mikono watu wema, na wasio wema hufaidika.

Tufanye nini basi? Kwa wenye mamlaka twatoa rai tatu. Kwanza, orodha za mali isiyodaiwa zibandikwe kwa Kiswahili katika vituo vya polisi na ofisi za machifu, na zisomwe katika mabaraza, kabla ya mnada wowote. Pili, anayekabidhi kitu apewe stakabadhi papo hapo na asifanywe mshukiwa bila sababu. Tatu, ada ya kitambulisho kilichopotea iangaliwe upya kwa ajili ya maskini, na madai madogo ya warithi yapewe njia fupi.

Lakini tusiwanyooshee wengine kidole huku tumekaa. Kila parokia yaweza kuwa na daftari la vitu vilivyookotwa. Ndani yake yaandikwe kitu chenyewe, tarehe, mahali kilipookotwa na jina la aliyekileta, naye atie sahihi mbele ya shahidi. Kanisani litangazwe jina au aina ya kitu tu, bila kueleza alama zake zote, ili anayekidai aweze kuthibitisha kwamba ni chake. Kitambulisho kisibandikwe ukutani na nambari yake ikaonekana, maana matapeli nao wana macho. Kitu kisipodaiwa kwa mwezi mmoja, wajumbe wawili wa Haki na Amani wakipeleke kwa chifu au polisi, wahakikishe kimeandikwa katika kitabu cha matukio, na waje na nambari ya maandishi hayo. Mwokotaji aliye na hofu asiachwe aende peke yake. Na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, zinapowatembelea wafiwa, ziwasaidie kuulizia akiba za marehemu mapema, kabla hati hazijapotea na mashahidi hawajatawanyika.

Ndugu waamini, hayo si makubwa wala hayahitaji mfadhili. Yanahitaji daftari, kalamu na watu wanaoaminika. Mama wa genge aliyepotewa na kitambulisho akikipata parokiani bila kutozwa hata senti, atakuwa ameonja haki, na jirani yake aliyekiokota atakuwa amejua pa kukipeleka siku nyingine.