Kifaransa cha Salamu Hakitoshi

Mwezi Desemba 2022, askari 750 wa Sudan Kusini waliagwa mjini Juba kwenda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kujiunga na Jeshi la Kanda la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wenzao wa Kenya, Uganda na Burundi nao walikuwamo katika jeshi hilo, ambalo lilimaliza kazi yake Desemba 2023. Walikwenda katika nchi ambayo raia wengi wa upande wa mashariki husema Kiswahili, lakini hati za serikali, maandishi ya mahakama na taarifa za jeshi huandikwa kwa Kifaransa. Safari ile imekwisha. Somo lake halijaisha, na linawahusu askari na polisi wote wa Afrika Mashariki.

Hesabu ya somo hili yafaa ianzie Gumbo, kiunga cha Juba kilicho ng'ambo ya mashariki ya mto Nile. Malori yatokayo Nimule hupita hapo kabla ya kuvuka daraja, na masikioni mwa mpita njia huingia Kiarabu cha Juba, Kiingereza, lugha za wenyeji na Kiswahili cha madereva na wachuuzi. Kifaransa ni nadra kusikika. Hata hivyo, kati ya nchi sita zinazopakana na Sudan Kusini, mbili hutumia Kifaransa kuwa lugha rasmi: Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Wala lugha hiyo si ngeni katika mto huu. Tarehe 17 Februari 1897, jeshi la Dola Huru ya Kongo lililoongozwa na Louis-Napoléon Chaltin liliwashinda wafuasi wa Mahdi huko Rejaf, upande wa magharibi wa Nile, karibu na mahali ulipo mji wa Juba leo. Mpaka mwaka 1910 ukingo ule, uliojulikana kama Lado, ulikuwa chini ya watawala ambao lugha yao ya kazi ilikuwa Kifaransa.

Mwaka mmoja baada ya Rejaf, yaani 1898, Meja Marchand wa Ufaransa alifika Fashoda, ambayo leo huitwa Kodok, akiwa na kikosi kidogo cha askari wa Kiafrika. Mwezi Septemba Jenerali Kitchener naye akawasili na manowari zake, akiwa na jeshi kubwa zaidi mara nyingi. Kitchener alikuwa amejitolea katika kikosi cha tiba cha Ufaransa wakati wa vita vya mwaka 1870 na 1871, na Kifaransa alikijua vizuri. Alizungumza na Marchand kwa Kifaransa, akapandisha bendera ya Misri badala ya ile ya Uingereza, na hakuna risasi iliyofyatuliwa. Ugomvi ule ulimalizwa na wakuu wa London na Paris, na wote wawili walikuwa wakigombea ardhi isiyokuwa yao. Lakini kwa askari funzo ni wazi: maofisa wawili wenye bunduki walielewana neno kwa neno, na kwa hiyo wakapata nafasi ya kungoja.

Tunasema neno kwa neno kwa makusudi. Askari wengi wanaopelekwa katika nchi za Kifaransa hufundishwa salamu, majina ya vyakula, na maneno ya kusimamisha gari kizuizini. Hayo ni mema, lakini ni Kifaransa cha mlangoni. Kazi ya mlinzi wa amani na ya polisi ni kusikiliza, kuandika na kutoa taarifa, na taarifa husimama juu ya nyakati za vitenzi. Hapo ndipo mafunzo yanapopaswa kufikishwa kwenye kiwango cha chuo.

Tuchukue mfano wa mwanakijiji anayeeleza habari za watu wenye silaha. Akisema «ils ont traversé la rivière», maana yake wamevuka mto, jambo limekwisha. Akisema «ils traversaient la rivière», walikuwa wakivuka. Akisema «ils avaient traversé la rivière», walikuwa wamekwisha kuvuka kabla ya jambo jingine kutokea. Lakini taarifa ikisema «ils auraient traversé la rivière», maana yake inasemekana wamevuka, na habari haijathibitishwa. Hii ni hali ya masharti, ambayo magazeti na taarifa za Kifaransa huitumia kutenga uvumi na jambo la hakika. Askari asiyeijua ataandika kwamba adui amevuka. Mkuu wake ataamsha kombania usiku wa manane kwa ajili ya uvumi, au, vibaya zaidi, mizinga itaelekezwa mahali penye wakulima.

Polisi naye ana mtihani wake. Shahidi akisema «il courait quand le policier a tiré», mtu yule alikuwa akikimbia polisi alipofyatua risasi. Akisema «il a couru quand le policier a tiré», mtu alianza kukimbia risasi ilipolia. Katika maelezo ya kwanza alikimbia kabla ya risasi. Katika ya pili alikimbia kwa sababu ya risasi. Mbele ya hakimu, tofauti hiyo yaweza kumfunga mtu au kumwachilia, na anayefungwa aweza kuwa ni yule polisi mwenyewe.

Wapo wasemao kwamba Kifaransa ni kigumu mno kwa mtu wa Kiswahili. Hatukubaliani nao. Tofauti kati ya «alikimbia» na «alikuwa akikimbia» tunayo tangu utotoni. Hali tegemezi inayowatesa wanafunzi wengi wa Ulaya tunayo pia: tunaposema «ni lazima msafara uondoke», hatusemi «unaondoka». Mfaransa hufanya vivyo hivyo: «il faut que le convoi parte». Mswahili hubadili mwisho wa kitenzi baada ya neno la lazima, na Mfaransa hubadili.

Palipo na mtego ni pale lugha mbili zinapoachana njia. Sisi husema «kama doria ingaliwasili mapema, kijiji kingaliokolewa», na -ngali- huonekana pande zote mbili. Mfaransa hakubali hali ya masharti baada ya «si» ya namna hii. Husema «si la patrouille était arrivée plus tôt, le village aurait été sauvé». Mwanafunzi wetu huandika «serait arrivée» upande wa kwanza kwa sababu anafuata Kiswahili chake. Vivyo hivyo vitenzi vya mwendo, kama kwenda, kufika, kuingia na kutoka, ambavyo ndivyo vitenzi vya doria, katika wakati uliopita huandamana na «être» wala si «avoir». Tena «il n'a que trois hommes» si kukanusha. Maana yake ana watu watatu tu. Na «six heures» za asubuhi kwetu ni saa kumi na mbili. Aliyesahau hili hukosa msafara.

Mambo haya hayaingii kichwani kwa kusikia kanuni mara moja. Huingia kama gwaride linavyoingia miguuni, kwa kurudia. Tunapendekeza kila askari aliye katika mafunzo haya awe na daftari, na kila siku, kwa muda wa dakika ishirini, achukue vitenzi viwili na kuvipitisha katika nafsi zote sita na nyakati zote za kazi: wakati uliopo, uliopita, ujao, hali ya masharti na hali tegemezi. Aanze na vile visivyofuata kanuni, kama «être», «avoir», «aller», «venir», «faire», «voir» na «dire», maana hivyo ndivyo vitumikavyo zaidi. Kisha achukue tukio moja la zamu yake na aliandike mara tatu: kama jambo aliloliona, kama jambo lililokuwa likiendelea, na kama jambo aliloambiwa. Wakati uliopita wa vitabuni, ule uitwao «passé simple», autambue anaposoma historia, lakini asiuingize katika taarifa yake.

Kwa masikio, wapo walimu wasiodai ada. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 nchini Kongo, hutangaza kwa Kifaransa na pia kwa Kiswahili. Anayeisikiliza habari kwa lugha moja kisha kwa nyingine atajua wapi mtangazaji amesema «imetokea» na wapi amesema «inasemekana».

Yapo pia yanayowahusu wakuu wa vyuo. Mtihani wa Kifaransa usiwe wa kujaza nafasi peke yake. Mwanafunzi asimuliwe tukio, akae chini, aandike taarifa ya ukurasa mmoja, na kila kosa la wakati lihesabiwe kama kosa la ramani. Mafunzo ya wiki chache kabla ya safari hayawezi kuleta matunda hayo. Yaanze mapema na yaendelee kambini.

Tutaambiwa kwamba wakalimani wapo. Ni kweli, na tunawaheshimu. Lakini mkalimani huchoka, huogopa, na pengine ana ndugu katika ugomvi unaozungumzwa. Askari asiyejua hata kidogo hana kipimo cha kumpimia. Anayejua nyakati aweza kuuliza, «Umesema wamevuka, au yasemekana wamevuka?» Swali hilo moja laweza kuokoa kijiji.

Tutaambiwa pia kwamba katika Sudan Kusini Kiingereza bado kinahitaji kazi, na Kiswahili kinaanza kushika mizizi. Hatusemi viachwe. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo ikaingia mwaka 2022. Jumuiya yetu sasa imefika hadi Bahari ya Atlantiki, na sehemu kubwa ya ardhi yake hutawaliwa kwa Kifaransa. Amani ya eneo hilo italindwa na vijana wetu, wawe wametoka Juba, Nairobi, Kampala au Dar es Salaam.

Kwa hiyo basi, askari anayengoja safari asingoje siku ya kuagwa. Afungue daftari lake leo, na kitenzi cha kwanza kiwe «dire», yaani kusema. Halafu ajizoeze kutofautisha aliyesema, aliyekuwa akisema, na anayesemekana kuwa amesema.