Ulimi wa mama mzee si ulozi

Kila mama anayeuza munkoyo hapa Kolwezi anawajua wale inzi wadogo wanaozunguka ndoo inapoanza kuchacha. Tunawafukuza tu. Mimi nasema tuwaangalie kidogo, juu wana somo kwa vyama vyetu.

Inzi huyo anaonja kwa miguu: akitua tu kwenye embe, ameshajua kama kuna sukari. Maisha yake ni mafupi, miezi miwili au mitatu hivi, njo maana watafiti wanamtumia kuchunguza uzee. Wameona kwamba akizeeka ladha yake inapungua, tena si ladha zote zinapungua sawasawa. Kwa binadamu pia, magonjwa ya ubongo kama Alzheimer, ule wa kusahau, na Parkinson, ule wa kutetemeka, mara nyingi yanaanza na pua kupoteza harufu, miaka kabla dalili zingine hazijaonekana. Na pua ikichoka, chakula kinakosa ladha.

Sasa turudi nyumbani. Mama mzee akitia chumvi mara mbili kwenye sombe, au akisema munkoyo bado ni tamu na imeshachacha, wengine wanacheka. Wengine wananong'ona habari ya ulozi. Hapana, ndugu zangu! Ni mishipa ya fahamu imechoka. Tumpeleke kituo cha afya, tusimpeleke mbele ya watu kumhukumu.

Lakini tusidanganyane, huruma peke yake haitoshi. Mara nyingi mama huyo huyo njo anaonja muhogo kabla haujasagwa kuwa unga wa bukari. Uchungu wa muhogo ni onyo la sumu. Kule Kahemba, jimbo la Kwango, muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha umepoozesha miguu ya watu, hasa watoto na wamama. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na miguu ikishapooza haiponi.

Maoni yangu ni haya: tusimwondoe mama mzee. Yeye njo anajua mbegu, udongo na maji ya kulowekea. Tumwekee kijana pembeni, waonje wote wawili. Na tusiuachie ulimi kazi yote: siku za kuloweka, tatu kamili, ziandikwe kwenye daftari. Mmoja akisema muhogo ni mchungu, mfuko haufungwi.

Akili ibaki ya mzee, kuonja kuwe kwa wawili.