Maombi hayakatazi dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu juu ya baadhi ya wahubiri wanaowaambia wagonjwa waache dawa ili kuonyesha imani. Mimi ni Mkristo, nami naamini maombi. Lakini fundisho hilo nimelitafuta katika Biblia, sikulikuta.

Huku kwetu Ulanga ugonjwa wa kifafa si mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, na wagonjwa waliokuwa wametengwa na jamaa zao wakaanza kupata vidonge. Hata hivyo, mpaka leo wapo wanaosema kwamba kifafa ni pepo tu na hakihitaji dawa. Ushahidi wao ni Mathayo sura ya 17, habari ya mtoto aliyekuwa akianguka motoni na majini, naye Yesu akamkemea pepo, mtoto akapona.

Habari hiyo naiamini, wala sibishani nayo. Ninachouliza ni hiki: ni wapi katika sura hiyo Yesu alipomwambia baba wa mtoto atupe dawa? Hakuna. Tena tusome mpaka mwisho. Wanafunzi walipouliza kwa nini wao walishindwa kumponya, waliambiwa kwamba imani yao ilikuwa haba. Imani yao wao walioomba, si ya mtoto. Leo mambo yamegeuzwa. Mgonjwa asipopona, mhubiri humlaumu mgonjwa.

Mwaka juzi mtoto mmoja wa darasa la nne hapa shuleni petu aliachishwa vidonge baada ya mhubiri mgeni kutangaza kuwa amepona. Hazikupita wiki tatu, akaanguka jikoni, mkono ukaingia motoni. Aliyemtangaza alikuwa amekwisha kwenda zake. Mtoto alirudishwa kwenye vidonge, na sasa anaendelea na masomo, ila vidole viwili havikunjiki. Mama yake hakukosa imani hata kidogo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba vidonge vya kifafa havikatizwi ghafla bila ushauri wa daktari.

Je, Biblia inaichukia dawa? Luka, ambaye Wakristo tangu zamani wanaamini ndiye aliyeandika Injili ya tatu, alikuwa tabibu, na Paulo anamtaja hivyo kwa upendo katika Wakolosai sura ya 4. Paulo huyo huyo alimshauri Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na katika 2 Wafalme sura ya 20, mfalme Hezekia aliomba, Mungu akamsikia, kisha nabii Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi yalitangulia, dawa ikafuata, wala nabii hakuona aibu.

Hata mafuta yana utaratibu wake. Yakobo sura ya 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta. Yaani wazee ndio wanaomwendea mgonjwa. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Yakobo hakuandika habari za kukimbilia mafuta.

Ndugu waumini, Biblia nzima ya tafsiri ya Union ilichapishwa mwaka 1952. Iko majumbani mwetu, na wengi wetu twajua kusoma. Watu wa Beroya, katika Matendo sura ya 17, walisifiwa kwa sababu walimsikiliza Paulo kisha wakayachunguza Maandiko wenyewe kila siku. Ikiwa Paulo alichunguzwa, ni mhubiri gani wa leo asiyestahili kuchunguzwa?

Nawaomba wachungaji, mapadre na wainjilisti walitangaze jambo hili waziwazi ibadani: tutakuombea, na vidonge vyako endelea kuvimeza. Aliyepona kweli haogopi kwenda zahanati kupimwa. Yesu mwenyewe, alipowatakasa wenye ukoma, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa torati ndio waliokuwa na kazi ya kuwakagua.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ulanga, Morogoro.