Tunapima Kumbukumbu au Tunapima Kiingereza?

Ukipita jengo letu kati ya mwezi wa nne na wa tano utakuta foleni ya wanafunzi wa saikolojia mlangoni pa chumba kimoja kidogo. Wapita njia hudhani bumu limetoka. Kumbe watu wanasubiri kompyuta moja.

Kwa asiyesoma saikolojia, nieleze kidogo. Sehemu kubwa ya utafiti wa utambuzi, yaani namna watu wanavyokumbuka, wanavyoweka umakini na wanavyofanya uamuzi, siku hizi inafanyika kwa kompyuta. Mshiriki anakaa mbele ya skrini, anaona neno au picha, au anasikia sauti, anabonyeza kitufe, na kompyuta inatunza jibu lake na muda aliotumia, kwa milisekunde. Yote hayo yanaendeshwa na programu maalumu. Ile tunayofundishiwa sisi ni ya kulipia, na haifunguki mpaka kifaa kidogo kama flashi kichomekwe kwenye kompyuta. Tuna kifaa kimoja. Kinafungiwa kwenye droo, na mwenye ufunguo wa droo naye ni binadamu, ana chai yake na vikao vyake.

Ingekuwa ni foleni tu nisingeandika makala. Foleni tumezizoea, kuanzia usajili hadi bafuni. Kilichonifanya niandike ni mama mmoja.

Utafiti wangu wa mwaka wa tatu ulihusu kumbukumbu ya muda mfupi kwa wanawake wanaofanya biashara ndogondogo kuzunguka chuo. Kipimo chenyewe ni cha zamani na rahisi: mtu anasikia tarakimu, moja kila sekunde, halafu anazirudia kwa mpangilio uleule. Unaanza na chache, unaongeza, unasimama pale anaposhindwa mara mbili kwenye urefu mmoja. Nilipewa jaribio likiwa tayari, lenye sauti ya Kiingereza. Kwenye laptopu yangu lilikubali kuendeshwa tu. Kulihariri kulihitaji ile kompyuta yenye kifaa, na zamu yangu ilikuwa wiki tatu mbele. Msimamizi akaniambia nianze hivyohivyo, tarakimu za Kiingereza kila mtu anazijua.

Mshiriki wangu wa pili alikuwa mama ntilie ninayekula kwake tangu mwaka wa kwanza. Huyu mama saa saba mchana anachukua oda za meza nne kwa mkupuo: wali maharage, ugali samaki bila pilipili, wali nyama mboga nyingi, chapati mbili za kufunga. Haandiki popote. Hakosei. Na anajua nani ana deni la jana. Nikamvisha hedifoni. Kwenye tarakimu ya nne akasita, akatoa sikio moja, akaniuliza, “Mwanangu, hiyo seveni ndiyo sita au saba?” Tukarudia, ikawa vilevile. Kompyuta ikaandika kwamba uwezo wake ni tarakimu tatu.

Kwa mujibu wa taratibu, ile tatu ilitakiwa iingie kwenye jedwali langu, na jedwali liingie kwenye hitimisho, na hitimisho liseme jambo fulani kuhusu “wanawake wasio na elimu ya sekondari”. Ningepata alama zangu, ningehitimu. Na yeye angebaki kwenye maktaba yetu akiwa mtu asiyeweza kukumbuka namba nne.

Tatizo lenyewe linajulikana muda mrefu. Mwaka 1980 watafiti wawili, Ellis na Hennelly, walichapisha utafiti kutoka Wales, ambako watu wengi wanazungumza Kiwelisi na Kiingereza. Watu wale wale, waliojua lugha zote mbili, walikumbuka tarakimu nyingi zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa Kiwelisi. Sababu ilikuwa kwamba tarakimu za Kiwelisi zinachukua muda mrefu zaidi kutamka. Baddeley na wenzake walishaonyesha mwaka 1975 kwamba kumbukumbu ya aina hii inategemea kiasi unachoweza kukirudia kimoyomoyo ndani ya muda mfupi, kama sekunde mbili hivi. Neno likiwa refu, yanaingia machache.

Sasa hesabu mwenyewe. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ni saba tu yenye silabi mbili, nyingine zote zina silabi moja. Kwa Kiswahili zote zina mbili: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, endelea hadi ti-sa. Sifuri ina tatu. Kwa hiyo ukimpima yule mama kwa Kiingereza, unapima Kiingereza chake. Ukimpima kwa Kiswahili halafu ukamlinganisha na wastani uliopatikana Marekani, unaweza kuwa unamkata alama kwa sababu ya urefu wa maneno. Silabi si kila kitu, najua, na sisi wengine tunaongea kama cherehani. Lakini kasi ya kutamka inapimika, na inapimika kwa programu za aina hiihii.

Nikaenda kwenye kimbweta na bando la wiki, nikapakua PsychoPy. Bando lote likaishia hapo. Programu hii ilianzishwa na Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, na makala yake ya kwanza kuihusu ilitoka mwaka 2007. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na haina cha kuchomeka. Unapanga jaribio kwenye mstari wa muda: hapa sauti, hapa kimya, hapa jibu, halafu kitanzi kinachosoma safu za jedwali la Excel. Kwa jaribio la tarakimu sikuandika msimbo hata mstari mmoja. Mwenzangu wa chumbani alirekodi sauti kwa simu, moja hadi tisa, tukiwa tumefunga dirisha.

Haiko peke yake. Ipo OpenSesame, ipo jsPsych inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ipo PEBL ambayo inakuja na rundo la majaribio yaliyo tayari. Zote hizo ni bure, na katika miaka yangu mitatu sikuwahi kuyasikia majina yake darasani. Niliyakuta kwenye madesa ya mtu wa kompyuta sayansi.

Bure haina maana ya rahisi, nisidanganye. Nilipojaribu kutengeneza zoezi la pili kwa jsPsych, la orodha ya maneno, programu iligoma usiku mzima. Asubuhi ndipo nikaona kosa: nilikuwa nimeandika ng'ombe ndani ya alama moja-moja za nukuu, na kompyuta ikadhani neno limeishia kwenye “ng”. Hakuna mwongozo wa Kiingereza ungenionya kuhusu ng'ombe. Ni sisi tutakaoandikiana maonyo ya namna hiyo.

Baada ya siku kumi nilirudi kwa mama na jaribio la Kiswahili. Alifika tarakimu sita. Hiyo sita siiiti ushahidi, maana alikuwa ameshalizoea zoezi na siku hiyo hakuwa na wateja wa kumhangaisha. Ila safari hii hakuvua hedifoni kuniuliza kitu.

Walimu niliozungumza nao wana hoja, na si zote dhaifu. Ya kwanza ni usahihi wa muda: wanasema programu za bure haziaminiki kwenye milisekunde. Mwaka 2020 Bridges na wenzake walichapisha katika jarida la PeerJ ulinganisho wa programu nyingi, za kulipia na za bure, wakipima kwa kifaa cha nje. Kwa majaribio ya maabarani PsychoPy ilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi. Peirce mwenyewe ni mmoja wa waandishi, kwa hiyo isome ukijua hilo. Lakini tuwe wakweli kuhusu vifaa vyetu: skrini ya kawaida inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, na kibodi ya kawaida nayo ina uchelewaji wake. Leseni ya bei kali hairekebishi skrini.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Ukibadilisha lugha, wanasema, huwezi tena kujilinganisha na tafiti za wengine. Ni kweli. Na kutafsiri si kubandika neno juu ya neno. Chukua zoezi la Stroop la mwaka 1935, ambapo mtu anataja rangi ya wino huku neno lenyewe likisema rangi nyingine. “Nyekundu” ina herufi nane, “bluu” ina nne. Kisha Kiswahili kinasema kitabu chekundu, maua mekundu, na Mkenya anaweza kukuletea samawati. Inabidi mtu akae chini, achague maneno, ayajaribu kwa watu, aseme wazi alichochagua. Hiyo ni kazi ya miaka. Ndiyo maana inaniuma kwamba kila mwaka mwanafunzi mmoja au wawili wanaianza, wanahitimu, na faili linaondoka na laptopu.

Darasani tunafundishwa kwa masikitiko kwamba asilimia 96 ya washiriki katika majarida makubwa ya saikolojia ya mwaka 2003 hadi 2007 walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Tunaandika kwenye daftari, inatoka kwenye mtihani, halafu tunakwenda fildi na sauti ya Kiingereza kumpima mama ntilie.

Serikali yetu ya wanafunzi iko kwenye mazungumzo na utawala kuhusu maabara za kompyuta, na agenda niliyoiona inazungumzia viti na feni. Viti sawa. Naomba yaongezwe mambo mawili ambayo leseni yake ni bure. PsychoPy au OpenSesame iwekwe kwenye kompyuta zote za maabara ya kawaida, ile inayofunguliwa hadi saa nne usiku, ili mwenye bando la buku asilazimike kupakua. Na kila anayemaliza utafiti akabidhi maktaba faili la jaribio lake pamoja na nakala ya ripoti, ili wa mwaka wa pili aanzie pale mwenzake alipoishia badala ya kulala na ng'ombe wake.

Langu nimeshamkabidhi mwakilishi wa darasa, liko kwenye flashi yake. Linafanya kazi, ila kwenye “nane” kuna jogoo anasikika kwa nyuma. Dirisha tulifunga, yeye hakujali. Mwenye maikrofoni nzuri na sauti isiyo na haraka anitafute turekodi upya kabla watu wa mwaka wa pili hawajaanza fildi.