Huyo Kobe Hajafa

Ndugu zangu mnaofanya kazi katika nyumba za Al-Safa huko Saudia, kabla hamjamtupa kobe asubuhi ya Januari, ngojeni kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu mimi wangu nilishamtia kwenye mfuko wa taka. Alikuwa kobe wa maji wa kuenea kiganjani, mwenye baka jekundu nyuma ya jicho, aliyeletwa na watoto kutoka dukani katika kiboksi chenye mnazi wa plastiki. Wiki ya kwanza walimgombania. Ya tatu akawa wangu, kama kila kitu cha nyumba ile kinachohitaji kulishwa. Asubuhi hiyo nilimkuta juu ya kokoto, macho yamefumba, miguu imelegea. Nikamgusa, kimya. Nikafunga fundo. Nashuka ngazi, nasikia plastiki inakwaruzwa, polepole, ukucha mmoja.

Hiyo ilikuwa Riyadh. Al-Safa ziko mbili, moja Riyadh na moja Jeddah, na kobe hajui jina la mtaa. Anachojua ni joto la maji. Jeddah iko kando ya bahari, usiku wa Januari hushuka hadi nyuzi 19 hivi, shuka moja yatosha. Riyadh iko jangwani, mita 600 juu ya usawa wa bahari, na usiku huohuo hufika nyuzi 9, miaka mingine chini zaidi. Sisi wa pwani tumezoea kipupwe cha Juni, ambacho kobe hakimshughulishi: wale wakubwa wa Changuu, Unguja, kizazi cha walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wanalala nje mwaka mzima. Kwa bibi hatukurithi maarifa ya kumkinga kobe na baridi, na wenye nyumba nao mara nyingi hawana.

Kobe hatengenezi joto lake. Hukopa kwenye maji na kwenye jua. Huyu mwenye baka jekundu asili yake ni bonde la mto Mississippi, Marekani, na huko baridi ikija huzama akalala miezi. Lakini hulala akiwa ameshiba akiba ya mwili, tumbo limeshakuwa tupu, na maji yamepoa kidogo kidogo. Kwenye kiboksi cha jikoni chenye maji ya nyuzi 15 hapati usingizi wala uzima: anaacha kula, na alichokula jana kinaozea tumboni. Aliye mdogo hana akiba ya kuvumilia hayo.

Ukimkuta amelegea, usimmwagie maji ya moto, wala usimpe chakula. Mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyomfika puani, katika chumba chenye joto, umwache azinduke taratibu. Halafu ipatikane hita ya akwariamu, ile ya kuzamishwa, ya kushikilia maji kwenye nyuzi 25 hivi, pamoja na taa juu ya jiwe kavu la kuotea. Chomoa hita kwenye umeme kila unapobadilisha maji. Umeme na maji havina utani. Gamba nalo linataka taa ya UVB au jua lenyewe, na jua lililopitia kioo cha dirisha halihesabiki, maana kioo huzuia mionzi hiyo. Mchana usio na upepo mtoe roshani, awe na kivuli cha kukimbilia na paka awe mbali. Akitoa mapovu puani, akielea upande mmoja au akipumua kinywa wazi, huenda ni nimonia, na hita peke yake haitamponya. Aende kwa daktari wa wanyama.

Ninyi wa Jeddah msicheke. Baridi yenu inatoka ukutani. Kiyoyozi kikipuliza juu ya kiboksi usiku kucha, kobe hana habari kwamba nje ni joto. Kisogezeni kiboksi tu.

Najua hita si ya kununuliwa kwa mshahara wenu. Kwa hiyo nawaachia maneno mawili ya Kiarabu: *sulhufa bardana*, kobe anasikia baridi. Kwa ulimi wetu ni mepesi, la kwanza linaanza kama sulhu. Anzeni kwa watoto, si kwa mama yao. Mtoto akilia, hita hununuliwa kabla ya Isha.

Wakimchoka, msikubali kutumwa kumtupa kwenye bonde la Wadi Hanifah au kwenye bwawa la bustani. Kobe huyu huishi miaka 20 na zaidi, jike hukaribia sentimita 30, na akizoea maji ya ugenini huwabana wenyeji; Umoja wa Ulaya ulizuia asiingizwe kwao tangu 1997. Arudishwe dukani au atafutiwe nyumba nyingine.

Na mikono, jamani. Kobe hubeba salmonela bila kuumwa. Ndiyo sababu Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10, maana watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Maji yake mwageni chooni, kamwe si kwenye sinki la vyombo.

Wangu aliishi. Nilipoiacha nyumba ile alikuwa amepita ukubwa wa kisahani cha chai, na alikuwa akinijua kwa hatua zangu, au kwa harufu ya chakula, sitabishana naye. Leo usiku, ukishamaliza vyombo, tumbukiza kipimajoto kwenye maji ya wako kabla hujazima taa. Kikisoma chini ya 20, mwite mtoto mmoja aje asome mwenyewe.