Upepo usio na jina: Kakamega yapoteza mabati, Pwani tujifunze nini?

Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, kila mtu alikijua kwa jina. Redio zilikitaja siku kadhaa kabla. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, na wavuvi na waogeleaji wakatakiwa wakae mbali na bahari. Tarehe 4 Mei kikatua karibu na kisiwa cha Mafia kikiwa kimepungua nguvu, na upande wetu wa mpaka tukashusha pumzi.

Magharibi mwa Kenya, katika kaunti ya Kakamega, hakuna anayengoja kimbunga chenye jina. Huko dhoruba huja alasiri, mara nyingi baada ya asubuhi ya jua kali. Wingu jeusi hupanda, mvua ya mawe huanguka, na upepo hupita kwa dakika chache. Ukishapita, mabati ya darasa yako shambani kwa jirani, mahindi yamelala chini, na kibanda cha mama muuza chai kimepinduka barabarani. Kesho yake habari hiyo hupata aya tatu gazetini, kisha ikasahaulika mpaka msimu mwingine.

Swali la makala haya ni hili: kwa nini upepo wa dakika chache unawafilisi watu mwaka baada ya mwaka, na sisi wa Pwani tuna la kujifunza hapo?

Tuanze na upepo wenyewe. Kakamega iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na vimbunga kama Hidaya havifiki huko. Ila iko kati ya Ziwa Viktoria na miinuko ya Nandi, na jirani hao wawili ndio wanaotengeneza dhoruba. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani ukielekea bara. Unapokutana na upepo wa mashariki kwenye miinuko, hewa hiyo hulazimika kupanda juu, na mawingu makubwa ya radi hujijenga katika muda wa saa chache. Ndiyo sababu eneo hilo lina msitu wa mvua, na ndiyo sababu hiyo hiyo radi na mvua ya mawe ni mambo ya kawaida Kakamega, Kisii, Nandi na Kericho.

Wingu hilo linapoachilia mzigo wake, hewa baridi huporomoka pamoja na mvua na mawe. Ikifika chini haina pa kwenda ila kusambaa pande zote. Msukumo huo wa kwanza ndio unaong'oa mapaa. Hauvumi siku nzima kama kusi yetu ambayo nahodha anaijua tabia yake na kuipangia safari. Huu huja kwa ghafla, hupiga kijiji kimoja na kuacha cha pili, na mara nyingi nusu saa baadaye jua limerudi.

Sasa tuutazame upande wa pili, yaani vitu vinavyopigwa. Sheria ya upepo ni rahisi lakini wengi hawaijui: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 50 kwa saa husukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 12. Ukifika kilomita 100 kwa saa, nguvu hiyo inakaribia kilo 48. Bati la mita tatu lina eneo la kama mita mbili na nusu za mraba. Kwa hiyo upepo wa kilomita 100 unaweza kulivuta juu kwa nguvu inayozidi kilo 110, ilhali bati lenyewe jembamba halifiki hata kilo kumi. Kinacholizuia lisiruke ni misumari, na kinachoizuia misumari ni mbao, na mbao nazo zinashikwa na ukuta. Kiungo kimoja kikilegea, vyote vimekwenda.

Tena upepo haupigi kwa juu tu. Ukiingia kupitia mlango au dirisha lililo wazi, husukuma paa kutoka ndani huku wa nje ukilivuta. Darasa lisilo na vioo vya madirisha, na madarasa ya aina hiyo ni mengi vijijini, ni kama tanga lililofungwa kwa uzi. Ndiyo maana utakuta paa zima la shule limenyanyuka na mbao zake, likatua uwanjani bila bati hata moja kuchomoka. Fundi alipigilia mabati vizuri kwenye mbao, lakini mbao hazikufungwa na ukuta.

Vibanda ndivyo vyenye hali mbaya zaidi. Katika kila soko la Kakamega, kuanzia mjini hadi Mumias na Malava, kama ilivyo kwetu Kongowea, Likoni na Mtwapa, kuna maelfu ya watu ambao duka lao ni sanduku la mabati lililokaa juu ya mawe. Kuna kontena, kuna trela za kuuzia chakula, kuna mabodi ya magari makuukuu yaliyotolewa injini yakageuzwa mikahawa. Hesabu ni ile ile. Ubavu wa kibanda wa mita mbili kwa mbili, ukipigwa na upepo wa kilomita 100, husukumwa kwa nguvu inayokaribia kilo 190. Kibanda chepesi kisichofungwa ardhini hakiwezi kustahimili. Kontena la chuma litabaki mahali pake kwa uzito wake, lakini sanduku la mabati litaondoka na sufuria, jiko, friji na deni la chama.

Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la hali ya hewa na kuwa la uchumi na siasa. Mwenye kibanda hulipa ushuru wa soko na leseni ya biashara. Pesa yake inahesabiwa vizuri. Lakini kibanda chenyewe, kwa macho ya wenye mamlaka, ni kitu cha muda, na kitu cha muda hakina thamani katika vitabu. Kampuni ya bima haikitaki kwa sababu hakina hati. Kikipinduka, mwenyewe huokota mabati yaliyokunjamana, akayanyoosha kwa nyundo, na kuanza upya kwa mkopo. Bati lililokunjwa na kunyooshwa, lenye matundu mapya ya misumari, ni dhaifu kuliko lilivyokuwa. Kwa hiyo dhoruba ijayo inamkuta amesimama pabaya kuliko ile iliyopita.

Kuna watakaosema hizi ni kudura za Mwenyezi Mungu, na mwanadamu hana la kufanya. Upepo ni wa Mungu, hakuna ubishi. Lakini sisi wa Pwani tumelelewa na kisa cha yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga kwa madai kwamba anamtegemea Mungu, naye Mtume akamwelekeza amfunge kwanza kisha ategemee. Paa ni ngamia.

Wengine watasema watu ni maskini, watapata wapi pesa ya kujenga nyumba imara? Hoja hii ina uzito, lakini tuipime vizuri. Gharama kubwa ya nyumba ni mabati, mbao na ukuta, na hizo mwenye nyumba ameshazilipa. Kinachokosekana ni ukanda wa chuma au waya mnene wa kuifunga mbao ya juu ya ukuta, ushuke ndani ya ukuta wenyewe kozi kadhaa za matofali. Kinachokosekana ni misumari mirefu yenye kofia pana, na kuizidisha kwenye kingo za paa ambako upepo huvuta zaidi. Kwa kibanda, ni vigingi vinne vya chuma ardhini na minyororo. Ukilinganisha na bei ya mabati yote ya paa, hiki ni kitu kidogo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na Kakamega wanaujenga ukuta huo kila mwaka.

Wenzetu wa mbali walijifunza kwa machungu. Huko Marekani mamilioni ya watu wa kipato cha chini huishi katika nyumba za trela, ambazo kimsingi ni vibanda vikubwa vilivyotengenezewa kiwandani. Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Florida na kuzifagia nyumba hizo. Serikali yao haikuwaambia maskini wahame. Mwaka 1994 ilibadilisha viwango vya utengenezaji, ikataka nyumba zinazopelekwa maeneo ya upepo mkali ziwe na viungo imara na zifungwe ardhini kwa mikanda ya chuma. Nyumba ilibaki nyepesi, lakini haikuachwa tena bila nanga.

Kenya nayo imepiga hatua kwenye karatasi. Kanuni za ujenzi tulizozitumia tangu 1968 zimepisha Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024. Lakini kanuni huishi mijini, mikononi mwa wahandisi na wasanifu. Nyumba ya kijijini hujengwa na fundi aliyefunzwa na fundi mwenzake, bila ramani iliyopigwa muhuri. Kama elimu haimfikii fundi huyo, kwa lugha yake na kwa mfano wa paa analoliona, kanuni itabaki kabatini.

Kuhusu tahadhari, lazima tuwe wakweli. Kimbunga cha baharini hufuatiliwa kwa setilaiti siku nyingi kabla hakijafika. Dhoruba ya radi hujulikana ikiwa imebaki saa moja au chini ya hapo. Kwa hiyo mfumo uliotusaidia wakati wa Hidaya hauwezi kupelekwa Kakamega kama ulivyo. Hata hivyo ziwani njia imeonekana. Mradi wa HIGHWAY, uliomalizika 2021, uliziunganisha idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda ili wavuvi wa Ziwa Viktoria wapate utabiri wa dhoruba wanaoweza kuutumia. Mvuvi akiambiwa usiku una hatari, hulaza mashua. Vivyo hivyo mwalimu akiambiwa saa sita mchana kwamba alasiri ni ya hatari, anaweza kufunga madirisha na kuwatoa watoto katika darasa lenye paa bovu. Redio kama Mulembe FM zinasikika mpaka jikoni. Ujumbe mfupi wa Kiluhya wakati wa chakula cha mchana una faida kuliko taarifa ndefu ya Kiingereza ya wiki nzima.

Kisha kuna pesa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura, isiyozidi asilimia mbili ya mapato yake. Tatizo ni kwamba hazina hiyo huamshwa na msiba mkubwa unaoonekana kwa mara moja. Mapaa manane ya leo Shinyalu, kumi na mawili ya wiki ijayo Butere, vibanda ishirini vya mwezi ujao Lugari, kila kimoja ni kidogo mno kuitwa janga. Ukivijumlisha kwa mwaka ni janga kamili, ila hakuna anayevijumlisha. Kabla ya kudai pesa, wakazi wadai daftari: chifu na msimamizi wa wadi waandike kila paa na kila kibanda kilichoangushwa, siku gani, na hasara kiasi gani. Kisichoandikwa hakiingii kwenye bajeti.

Sisi wa Pwani haya yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, Waluhya wengi wa Changamwe, Kisauni na Likoni ni majirani zetu na wafanyakazi wenzetu, na sehemu ya mshahara unaolipwa Mombasa huishia kwenye mabati ya Kakamega. Mwenye kutuma pesa nyumbani msimu huu angemwuliza fundi swali moja: mbao umezifunga na nini?

Pili, paa letu linabadilika. Makuti yana udhaifu wake, hasa moto, lakini hupenyeza hewa na hunesa, kwa hiyo upepo haupati pa kushika kama kwenye bati. Tunayaacha upesi na kuezeka mabati, mara nyingi juu ya nguzo zile zile na kwa fundi yule yule wa makuti. Na tusijidanganye kwamba bahari yetu haina hasira. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Pemba iliponea, na toka hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Beira ilivunjwa na Idai mwaka 2019. Hidaya ilitupita karibu.

Vikundi vya akina mama wa Kati mwa Kenya, katika miaka ya 1960, vilichangishana pesa na kumwezekea kila mwanachama nyumba ya mabati kwa zamu. Vyama tunavyo mpaka leo, Kakamega na Mombasa. Chama kinachoweza kununua bati kinaweza kununua mkanda wa kulifungia. Wawakilishi wadi nao waanze na mapaa ya shule, kwa sababu mwenye kibanda anaweza kukimbia, lakini mtoto aliye darasani anangoja aambiwe.

Baharia hangoji kulijua jina la tufani ndipo atue tanga. Akiliona wingu limekaa vibaya, anafunga vyake. Watu wa bara hawana tanga la kutua, wana paa, nalo hufungwa siku ya kujenga.